Tangazo la Kanzu ya Jumbe

"Tangazo Namba Moja, Kuhusu Kuchanika kwa Kanzu ya Jumbe, Upande wa Kushoto, Chini Kidogo ya Goti."

Msicheke. Mambo yalianzia hapo. Lakini kwanza niitikieni.

Ngano ipo mlangoni!
— Ifungulieni!
Ina meno!
— Basi isitukaribie!

Hapo kale, kabla watu hawajajifunza kuogopa karatasi, palikuwa na nchi ya Vumbeni. Juu msitu. Chini kinamasi. Katikati mashamba ya mtama, na kati ya shamba na shamba watu waliacha ukanda wa miiba usiolimwa. Ndivyo walivyorithi kwa bibi zao. Kwa nini? Hakuna aliyeuliza.

Siku moja Jumbe Shekwavu akipita, mwiba ukamchana kanzu. Akamwita karani wake, Semboja. "Andika. Kanda zote zikatwe." Watu wakasema, "Hewala, Jumbe." Wakakata. Nguchiro wakaondoka, bundi wakaondoka.

Mwezi wa pili kiatu cha Jumbe kikazama kinamasini. Tangazo Namba Mbili, Kuhusu Kiatu. Watu wakasema, "Hewala, Jumbe." Wakachimba mitaro, kinamasi kikakauka. Vyura wakanyamaza, korongo wakaruka wasirudi.

Mwezi wa tatu hondohondo, ndege wa msituni, akainyea kofia ya Jumbe. Tangazo Namba Tatu. Heshima inanizuia kulisoma jina lake lote. Watu wakasema, "Hewala, Jumbe." Msitu ukabaki visiki.

Kisha kukawa kimya. Kimya cha jua la utosi. Mmewahi kusikia mchana usio na ndege? Mtu akikohoa, jirani anashtuka. Wanawake wakaacha kwenda kuchota maji peke yao, na hakuna aliyeweza kusema anaogopa nini.

Sasa, alikuwako mjane mmoja, Kolowa. Alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja, Mbonea, na kibuyu kimoja cha mbegu ya mtama. Kibuyu hicho ndicho mwaka wao ujao: kikipotea, mtoto hana uji. Ukanda wake ulikuwa haujakatwa, maana ndani yake aliishi chatu, mnene kama mzinga wa nyuki.

Karani Semboja akaja na panga na karatasi. Alikuwa shemeji yake, ameoa dada yake.

"Shemeji, ukanda wako ndio uliobaki nchi nzima."

"Ingia ukate, shemeji. Mwenyewe yumo. Nimemwambia unakuja."

"Mwenyewe nani?"

"Chatu."

Semboja akarudi nyuma hatua moja. Akarudi ya pili. Akarudi ya tatu.

"Wewe humwogopi?"

"Namwogopa sana. Mtoto simshushi mgongoni. Lakini huu ukimya nauogopa zaidi. Kila alichofukuza Jumbe kimekimbilia humu. Nikikata, kiende wapi?"

"Na mimi nimwambie Jumbe nini?"

"Kwani lazima uukate kwa panga? Ukate kwa kalamu."

Semboja akaitazama miiba. Kitu kikajivuta ndani yake, taratibu. Akaandika mbiombio: *Ukanda umekatwa, umefagiliwa, hata jani halikuonekana.* Akaondoka bila kuaga. Na mtu anayeondoka kwa shemeji yake bila kuaga, jamani, huyo ameogopa kweli.

Siku ya saba, mchana kweupe, ikaanza sauti. Kru, kru, kru, kutoka kwenye mitaro mikavu. Kru, kru, kru, kutoka chini ya visiki. Kru, kru, kru, kutoka darini.

Panya!

Hawakuogopa jua. Hawakuogopa fimbo. Hawakuogopa hata paka, na paka wenyewe walishapanda juu ya paa. Wakala mtama shambani, wakala ghalani, wakatoboa vibuyu wakala mbegu. Wakaguguna nyayo za mtoto aliyelala, mama yake yuko jikoni tu hapo. Jumbe alisimama juu ya meza, kanzu ameikunja mpaka mapajani, anapiga kelele, "Semboja! Waandikie waondoke!"

Wakafika kwa Kolowa. Alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni, kibuyu kifuani, hana pa kukimbilia. Ardhi nzima ilikuwa inatembea. Hatua ishirini. Hatua kumi. Hatua tatu. Akafumba macho.

Miiba ikatikisika. Wakatoka nguchiro, wengi, manyoya yamesimama. Wakatoka bundi, wakipepesa macho juani. Na mwisho, polepole kama mtu mwenye cheo, akatoka chatu. Alipita karibu na unyayo wa Kolowa, ubaridi wake Kolowa akausikia mpaka kwenye goti. Hakumgusa. Alikuwa na kazi.

Kufika jioni, panya waliobaki walikuwa wamegeuza njia. Kesho yake watu wakaja kwa Kolowa mikono mitupu, sauti chini, kila mmoja akiomba kiganja cha mbegu. Akawapa. Akawapa na sharti: ukipanda, uache ukanda.

"Na miiba itatuchana, mama Mbonea," akasema mmoja.

"Itawachana," akajibu Kolowa.

Jumbe naye akatoa Tangazo Namba Nne: panya wamesimamishwa kwa amri ya Jumbe, penye ukanda ambao, kwa mujibu wa kumbukumbu, haupo.

Ngano nimeitua!
— Tumeiona ilipotua!
Nani ataibeba?
— Mwenye shamba!

Lakini kilichotokea hasa ni hiki: karani alimwogopa chatu, akaandika uongo, na kibuyu kimoja cha mbegu kikabaki.