Chungu cha Katikati ya Moto

Hebu fumbeni macho kidogo, wanangu, mwone ninachokiona mimi. Ni asubuhi. Mwanamke ameketi kwenye kizingiti cha nyumba yake, amepakata chungu kipya. Chungu bado kina joto, joto kama la mtoto aliyetoka kuamka. Ubavuni pake yupo binti yake mdogo, anakigonga kwa kifundo cha kidole: ngo, ngo, ngo. Mbele ya mlango njia imegawanyika matawi matatu, na kila tawi linakwenda kwenye nyumba ya mwanamke mmoja. Wanawake ni watatu. Chungu ni kimoja.

Basi fumbueni macho, niwaeleze chungu hicho kilifikaje hapo.

Palikuwa na kijiji cha wafinyanzi, mlimani, ambako kila nyumba ilinuka moshi na udongo mbichi. Wanawake watatu wa kijiji hicho walijaliwa kila mmoja kipaji chake. Mbonea, bibi harusi aliyekuja kuolewa kutoka bonde la pili, alijaliwa kuuliza. Hakuuliza kwa ubishi. Aliuliza kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Ndeshi alijaliwa mikono, na vyungu vyake vilikuwa vyepesi, hata watu wakisema ukimwacha Ndeshi na udongo atakufinyangia upepo. Na Bibi Navoe, mama mkwe wake Mbonea, alijaliwa neno. Bibi akisema mvua iko karibu, watu waliingiza nguo ndani kabla hawajatazama juu.

Yule mwanamke wa kizingitini ni wa nne. Jina lake ni Namkunda, na mtoto wake ni Sanje. Sanje alisikia vizuri, alicheka vizuri, alijua kuwarudisha mbuzi kwa kupiga makofi. Ila umri wa kusema ulifika ukapita, naye hakusema.

Sasa sikilizeni mila mbili za kijiji kile, maana bila hizo hadithi haisimami.

Ya kwanza: chungu kikipasuka motoni, vigae vyake havitazamwi. Hukusanywa kwenye ungo mkuukuu, mtu akaligeuzia mgongo korongo lililo nyuma ya uwanja wa kuchomea vyungu, akavirusha kupitia begani, akaondoka bila kugeuka. Wazee walisema kigae kilichotazamwa huita kingine.

Ya pili: mama wa mtoto asiyesema hasogelei moto. Walisema sauti ya mtoto aliyechelewa iko njiani, inakuja taratibu. Mama yake akikaribia vyungu vinavyoungua, chungu huinyakua ile sauti, hupasuka kwa yowe, na mtoto hubaki bubu maisha yake yote.

Namkunda aliyasikia hayo wiki ileile watu walipoanza kunong'ona juu ya Sanje. Tangu hapo hakukanyaga uwanja wa kuchomea. Alifinyanga vyungu, akavianika, kisha akawapa wengine wavichome, nao wakachukua nusu kuwa malipo. Kila alfajiri alichuchumaa mbele ya binti yake akamwambia, "Sema mama." Sanje alimshika mashavu, akatabasamu.

Msidhani Namkunda alikuwa mjinga, wanangu. Mama ambaye mtoto wake hasemi hutaka kitu cha kufanya. Neno lile lilimpa kitu cha kufanya: kukaa mbali. Kila moto alioukwepa aliuhesabu kuwa zawadi kwa mwanawe. Hivyo alilibeba neno lile kwa mikono miwili, wala hakulipima uzito.

Siku moja Mbonea alimkuta mtoni akichimba udongo.

"Shikamoo dada," alisema. "Mbona wewe sikuoni uwanjani?"

Namkunda alimweleza. Mbonea alisikiliza mpaka mwisho, akasafisha jembe lake kwa jani, kisha akauliza, "Nani aliona?"

"Aliona nini?"

"Chungu kikinyakua sauti."

Namkunda alichota udongo mwingine. "Watu wanajua," alisema.

"Watu gani, dada yangu?"

Mbonea akaanza safari yake ya nyumba kwa nyumba. Jirani wa kwanza alisema amesikia kwa wifi yake. Wifi alisema kwa mama yake mdogo. Mama mdogo alisema, "Huyo binti wa bonde la pili anataka nini? Kwao hawana maneno mpaka aje kuokota yetu?" Lakini akajibu: alisikia kwa Bibi Navoe. Kwa hiyo Mbonea akarudi nyumbani kwake mwenyewe, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akathubutu kumuuliza, jambo ambalo bibi harusi hafanyi.

"Mama, naomba usinikasirikie. Lile neno la mtoto asiyesema, uliliona likitendeka?"

Bibi Navoe alijibu: "Nilipewa na mama yangu."

"Naye aliona?"

"Sikumuuliza," alisema Bibi. "Mama yako akikupa uji unauliza aliona mtama ukiota?" Akamgeuzia mgongo, na siku kadhaa nyumba ile ilikuwa baridi kwa Mbonea.

Hivyo swali lilizunguka kijiji kizima na kurudi mikono mitupu. Hakuna aliyeona. Je, neno likafa? Halikufa. Watu walisema, "Kweli, hatukuona. Lakini nani atahatarisha vyungu vyake ili tuone?" Na kila mmoja akatazama vyungu vya mwenzake.

Hapo ndipo Ndeshi aliposimama. Alikuwa amemaliza vyungu vya harusi ya binti yake wa pekee, vilivyokuwa vimeanikwa kwenye uchaga. Mvua ilikaribia, na vikiharibika hivyo, hakuna vingine vitakavyokauka kabla ya siku ya harusi.

"Vichukueni hivi," alisema. "Namkunda avipange mwenyewe, awashe mwenyewe."

"Mama Bibi Harusi, umelewa?" wakamtania. "Binti yako ataingia kwa mumewe na ungo mtupu."

"Ataingia na mikono ya mama yake. Vyungu hutoka humo."

Alikwenda kumwambia Namkunda akidhani atafurahi. Namkunda alikaa chini.

"Ndeshi, mwenzangu, vikipasuka?"

"Nitafinyanga vingine, harusi isubiri."

"Sisemi vyungu vyako. Vikipasuka, nimemuua mwanangu ulimi." Kisha akasema kwa sauti ndogo zaidi, "Na visipopasuka?"

"Visipopasuka si vizuri?"

"Visipopasuka, basi miaka yote hii sikuwa naizuia sauti yoyote isiibwe. Nilikuwa nimekaa tu. Na kesho alfajiri nitamwambia aseme mama, nikiwa najua sina la kumsaidia."

Ndeshi alikaa naye mpaka kivuli cha nyumba kikahama, wakichambua maharage. Alipoinuka, Namkunda alisema, "Njoo unichukue kesho. Peke yangu sitafika."

Asubuhi yake kijiji kizima kilikuwa uwanjani, kimesimama mbali. Namkunda alimbeba Sanje mgongoni. Alipanga vyungu vya Ndeshi kimoja kimoja, akaweka katikati kabisa kimoja alichokifinyanga mwenyewe, akavifunika kwa magome na majani makavu, akawasha. Moto ukapanda, ukaanza kusema maneno yake.

Jua lilipofika utosini, ndani ya moto pakalia: ta!

Chungu kimepasuka.

Vichwa viligeuka, kutoka kwenye moto kwenda kwa Namkunda. Mama mmoja akasema, "Si tuliwaambia." Namkunda alimshusha Sanje mgongoni, akamfumbata kifuani, akamwekea kiganja mdomoni kana kwamba kuna kitu bado anaweza kukizuia kisitoke. Mbonea aliinamisha uso. Ndeshi hakusogea. Swali lilikuwa limekwisha, na vyungu vilikuwa vimekwisha kutolewa. Si swali wala vyungu vilivyoweza kumsaidia Namkunda tena.

Moto ulipolala, kijana alileta ungo mkuukuu wa kukusanyia vigae. Bibi Navoe akaupokea. Akavuta vigae kwa ufito mrefu kutoka ukingoni mwa majivu, akaviweka kwenye ungo, akatembea hadi korongoni, akageuza mgongo kama mila isemavyo. Watu walingoja arushe.

Hakurusha. Akageuka upande wa korongo. Kisha akaweka ungo chini, akachuchumaa, akaanza kuvitazama vigae, kimoja baada ya kingine.

"Bibi, usitazame," mtu alisema.

"Kaeni kimya kidogo."

Akanyanyua kigae kimoja, akakirudisha kwa watu kikiwa bado cha moto, akikihamisha kutoka mkono huu kwenda huu. Katikati ya unene wake palikuwa na jiwe jeupe, dogo kama punje ya hindi, na ufa ulianzia palepale, ukakimbia pande zote kama miguu ya buibui.

"Ndeshi," alisema, "udongo huu hukuuchambua vizuri."

Ndeshi alisogea akatazama. "Kweli, Bibi. Jiwe limenipita."

"Jiwe," alisema Bibi Navoe, sasa akiwaambia wote. "Si sauti ya mtoto. Nimerusha vigae korongoni tangu nikiwa msichana, na sikuwahi kugeuka. Lile neno alinipa mama yangu, nikawapa ninyi, nanyi mkalipokea kwa sababu ni mimi niliyelitoa. Leo nalirudisha. Mama Sanje, mtoe mtoto mkono mdomoni apumue."

Namkunda aliondoa kiganja. Sanje alivuta pumzi, akamtazama Bibi, akatazama kigae, kisha akanyoosha kidole akaligusa lile jiwe.

Hakusema kitu, wanangu. Najua mlitaka aseme. Hakusema siku ile, na alfajiri iliyofuata Namkunda alichuchumaa mbele yake kwa mazoea, lakini safari hii hakusema "Sema mama." Akalia kidogo. Sanje akamshika mashavu kama siku zote. Na Namkunda akaona, kana kwamba ni mara ya kwanza, kwamba mikono ile miwili midogo ilikuwa inamwita mama kila asubuhi, naye alikuwa akiitazama midomo.

Wakaenda pamoja uwanjani. Vyungu vya harusi vilitoka vizima, isipokuwa kile kimoja. Na kutoka katikati ya majivu Namkunda akatoa chungu chake mwenyewe.

Kijiji kile kina desturi: chungu cha katikati ya moto hakiuzwi wala hakipikiwi na aliyewasha. Aliyewasha humpa yule aliyemwezesha kuwasha. Naye aliyepewa hukaa naye bega kwa bega kwenye kila moto, maisha yao yote.

Habari zilifika kisimani kabla ya ndoo.

"Apewe Mbonea," walisema wengine. "Bila yeye nani angeuliza? Na amelilipia swali hilo kwa ubaridi wa mama mkwe."

"Kuuliza ni mdomo, na kasuku ana mdomo. Ndeshi ametoa vyungu vya harusi ya mwanawe. Hivyo hushikwa kwa mkono."

"Vya Ndeshi vimerudi karibu vyote. Na jiwe lilikuwa la nani? Udongo wake huo nusura umzike Namkunda. Bibi ndiye aliyegeuka. Angerusha vigae vile, leo Namkunda angekuwa analia."

"Bibi alifunga fundo mwenyewe. Kulifungua nako tumpe zawadi?"

"Aliyefunga ndiye anayeona haya kufungua, dada. Jaribu wewe, mbele ya kijiji kizima."

Hawakumaliza, ndoo zilijaa zikamwagika.

Ndiyo maana Namkunda ameketi kizingitini, chungu mapajani, na Sanje anagonga ngo, ngo, ngo, na njia zote tatu ziko mbele yao. Kushoto kwa Mbonea, aliyeuliza. Katikati kwa Ndeshi, aliyetoa. Kulia kwa Bibi Navoe, aliyegeuka akatazama. Ukimwondoa mmoja wao, moto usingewaka, au ungewaka bure.

Wanangu, kama chungu hicho kingekuwa mapajani mwenu, mngeshika njia ipi? Semeni, na kila mmoja amsikilize mwenzake mpaka mwisho.

Ila kabla hamjaanza kubishana, nawaomba mkumbuke kitu kimoja tu: vigae vilikuwa korongoni miaka yote ile, na korongo halikuwa mbali kwa yeyote aliyetaka kutazama.