Mganda wa Ukutani

Zamani za babu wa babu zetu, huko Sweden, nchi ambako jua halikai, kulikuwa na mwenye shamba mmoja wa shayiri. Mvua ilimsumbua msimu mzima. Siku jua lilipotoka, wavunaji walishuka shambani alfajiri, wanaume mbele na mundu, wanawake nyuma wakifunga mabua kuwa miganda. Ujira wao ulikuwa shayiri hiyohiyo. Isipoingia ghalani, wakati wa baridi hakuna mkate.

Mara mwenye shamba akaja na mchoraji kutoka mjini.

"Acheni kwanza. Rudini mkavae nguo za kanisani. Nataka picha ya mavuno yangu."

Mjane mmoja, mganda mkononi, akamuuliza, "Bwana, nani anavuna na nguo za kanisani?"

"Wewe, leo. Na utabasamu."

"Na lile wingu je?"

"Mchoraji hatalichora."

Wakavaa, wakasimama. Mundu juu, usishushe. Mganda kifuani, usitikise. Hivi mnawaona watu wazima hao, wameganda kama vinyago, na shayiri imesimama nyuma yao haijakatwa? Jua halijazama, picha imekamilika, na mvua ikaanza. Haikukatika mpaka nafaka ikaotea shambani.

Baridi ilipoingia, mjane akaenda kudai ujira wake. Akamkuta mwenye shamba sebuleni na wageni, wakiisifu picha.

"Mama, shayiri yote ilioza. Lakini shukuru, umechorwa."

Mjane akatazama ukutani, akajiona amekumbatia mganda mnono. Akafungua mdomo wa gunia lake.

"Basi nipe ule nilioushika."

Mnacheka. Mimi sicheki, wapendwa. Jumapili iliyopita, kwenye ngazi za kanisa hilihili, ni nani waliowasimamisha wajane juani? Si sisi? "Mama, sogea kulia. Inua mfuko wa unga, jina la kanisa lionekane." Tukapiga picha. Kisha tukampokonya mfuko, tukampa anayefuata naye aushike, maana wa picha ulikuwa mmoja tu. Mingine, tulisema, italetwa.

Imeletwa? Iko stoo. Nimeiona asubuhi hii, panya wameshaanza kula. Ila picha zilifika kwenye simu zetu kabla wale mama hawajafika kwao, na chini yake tukajaza Amina.

Sasa, baraka sitoi. Mlango wa stoo uko wazi. Simu ziachwe hapa mezani, kila mmoja abebe mfuko aufikishe nyumbani kwa mjane. Baraka nitaitoa mkirudi.