Maharage Yanamaliza Gesi

Wapendwa, leo mimbarini sikai. Nitakuwa nikitembea hapa mbele, huku na huku, mnivumilie. Kuna jambo limenikaa rohoni wiki hii nzima, na jambo la namna hiyo likinishika, miguu yangu haitulii. Nitawapa mfano kwanza. Ni mfupi.

Alikuwepo bwana mmoja, muuza mbao, huko nyanda za baridi. Jina msiniulize. Nikilitaja, nusu yenu mtageuka kumtazama jirani, na nusu mtainamisha vichwa.

Bwana huyu aliamua kuitengeneza nyumba yake iwe nyumba isiyoharibu mazingira. Wala simcheki, lilikuwa jambo jema kabisa. Alipandisha sola juu ya bati. Akatoa taa zote za zamani, akaweka zile zisizokula umeme. Akaziba nyufa za madirisha, akapiga dari ya mbao ili joto lisitoroke, maana baridi ya kule haina adabu. Akazungushia mifereji, maji ya mvua yakaingia kwenye tangi. Jikoni akaweka jiko la gesi la plati mbili, kuta akazipaka rangi nyeupe pee. Alipomaliza akasimama katikati ya jiko hilo, akamwambia mkewe: "Humu ndani sitaki kuona kuni tena. Wala mkaa. Basi, tumemaliza."

Mke akafurahi. Nani asingefurahi? Akina mama, si mnajua kupuliza kuni mbichi asubuhi mpaka machozi yanachuruzika? Lakini akauliza swali moja.

"Na maharage, baba watoto?"

"Maharage yamefanyaje?"

"Tutayapikia wapi?"

Ah, naona mnacheka. Mmeshajua! Kila mwenye mtungi nyumbani kwake anajua: gesi ni ya chai, gesi ni ya mayai, gesi ni ya kupasha viporo. Maharage? Thubutu! Maharage yanamaliza gesi.

"Nikiyaloweka tangu jana yake hayakai sana motoni," mke akasema. "Mbona gesi itatosha tu."

"Hapana. Maharage yanamaliza gesi. Yapikwe kwa mama."

Mama yake mzazi alikuwa na chumba chake uani, na kando ya chumba, kibanda kidogo cha udongo. Bwana aliyabeba mafiga matatu ya jiko la zamani kwa mikono yake mwenyewe, akayapanga mle kibandani. Maharage yakahamia huko. Yakafuata makande. Yakafuata maji ya kuoga ya nyumba nzima, maana nayo yanamaliza gesi. Mwezi haujaisha, kila kitu kinachochelewa kuiva kilikuwa kinapikwa na mama wa miaka sabini na kitu.

Watu wakiuliza, bwana alikuwa na jibu tayari. "Mama anapenda kuni. Wazee hawa gesi hawajaizoea."

Nani alimuuliza mama? Nawauliza ninyi. Nani alimshika mkono mama, akamsimamisha mbele ya lile jiko la plati mbili, akamwambia, mama, washa, ujaribu na wewe? Hakuna! Alipangiwa anachopenda, naye akanyamaza, kwa sababu ndivyo mama zetu walivyo.

Mama akaanza kukohoa. Bwana akampeleka zahanati kwa gari lake, tuseme ukweli, hakumtelekeza. Muuguzi akamsikiliza mama kifua, akasikiliza tena, kisha akamgeukia mwana. "Bibi huyu asikae tena kwenye moshi. Kifua kimechoka. Ukimwacha kwenye moshi, hutakaa naye sana."

Bwana aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake. Akanunua dawa ya kikohozi, chupa mbili. Akamrudisha mama nyumbani, akampitisha uani. Kesho yake yakapikwa makande.

Sasa pale kwao palikuwa na kamati ya mazingira. Ikatangaza kwamba itapita nyumba kwa nyumba, na nyumba itakayoonekana ya mfano itapigiliwa kibao juu ya mlango: NYUMBA ISIYO NA MOSHI. Jamani, bwana yule alikitaka kibao kile! Alikitaka kuliko alivyowahi kukitaka kitu chochote. Siku ya ukaguzi hakuweza hata kunywa chai. Anaingia, anatoka. Anafuta kioo, anakifuta tena. Anapanda ngazi kuitazama sola kama bado ipo, kana kwamba ina miguu. Wageni walisema saa nne, sasa ni saa nne na nusu, hawaonekani, naye anatoka tena kutazama barabara.

Akageuka. Akaona moshi. Nyuma ya nyumba yake nyeupe, moshi umepanda juu, mzito, wa kuni mbichi, unaonekana mpaka kwa majirani wa ng'ambo.

Akakimbilia uani. "Mama! Moto wote huo wa nini?"

"Maharage ya wageni, mwanangu. Yamegoma kuiva."

"Wageni ndio hao wanakuja! Moshi unaonekana barabarani!"

"Basi nizime?"

Hapo, wapendwa. Hapo ndipo ninapomlilia mtu yule. Mama amempa mlango wa kutokea. Nizime? Aseme tu, zima mama, twende ndani, sufuria tutaiinjika kwenye gesi, ikiisha iishe. Ingempunguzia nini? Lakini alikuwa anaona kibao tu machoni pake.

"Usizime," akasema. "Funga mlango. Na dirisha ufunge, moshi usitoke, mpaka wageni waondoke."

Mama akamtazama. "Nikifunga, nani atachochea?"

"Si wewe, mama? Wewe si umezoea."

Umezoea! Lisikieni neno hilo. Kifua kimezoea? Macho yamezoea? Tangu lini pafu la binadamu likauzoea moshi? Hebu niambieni, ninyi mnaolisema neno hilo kila siku kwa dada wa kazi, kwa mke, kwa mama mkwe: ah, huyo amezoea. Mungu atusamehe.

Mama akafunga mlango. Akafunga na dirisha.

Wageni wakafika. Walikuwa wawili: mwenyekiti wa kamati, mwenye miwani na daftari, na mama mmoja mtu mzima, mkunga mstaafu, anayejulikana kwa kutokuwa na haraka. Bwana akawatembeza. Hii sola, hii dari, gusa hapa usikie joto lilivyotulia. Huku mwenyekiti anaandika. Wakafika jikoni, mwenyekiti akapitisha kidole ukutani, akakitazama. Hakina masizi. "Safi sana," akasema. "Safi mno."

Na hapo ndipo kikohozi kikasikika kutoka uani. Bwana akapaza sauti, akaeleza habari za mifereji ambazo alikuwa ameshazieleza. Kikohozi kikaja tena, kirefu. Bwana akaenda mbio sebuleni, akafungulia redio mpaka mwisho. "Sikilizeni," anapiga kelele, "sikilizeni redio inavyoimba kwa nguvu ya jua!" Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, amefurahi, akaandika na redio.

Wakakaa kula. Mke alikwenda uani akapokea sufuria kwenye upenyo wa mlango, akarudi macho mekundu, akapakua. Maharage yalikuwa yameiva vizuri, laini, na mchuzi wake mzito.

"Bwana wee," mwenyekiti akasema, "haya nayo kwa gesi?"

"Kwa gesi," bwana akajibu.

Mke akaweka kijiko chini. Hakula tena.

Kibao kikapigiliwa. Nyundo, misumari minne, makofi. Bwana akasimama chini yake kifua mbele. Wageni wakashika mikoba yao. Ikabaki chai tu, nayo maji yake bado yalikuwa yanachemka kule kule kibandani. Bwana akasema chai waisamehe, wasije wakachelewa kwenye nyumba nyingine. Mnaona alivyokuwa na haraka ya kuwatoa?

Lakini alisahau jambo moja, na ni jambo ambalo mtoto aliyelelewa na mama hapaswi kulisahau. Mtu mwenye heshima zake haondoki kwenye mji wa watu bila kumwamkia mkubwa wa mji.

"Mama mzazi yupo?" yule mkunga akauliza.

"Yupo, ila amepumzika."

"Basi nikamsabahi tu mlangoni, sitamsumbua."

"Amelala, mama. Tutamfikishia salamu."

Yule mama akanyoosha mkono, akaizima redio. Nyumba ikawa kimya, na katika kimya kile kikohozi kikasikika. Hakumuuliza bwana tena. Akazunguka nyumba, mwenyekiti nyuma yake, bwana nyuma yao anasema hili na lile. Akashika mlango wa kibanda, akauvuta.

Moshi ukatoka. Ukatoka mwingi, ukawapita usoni, ukaenda kugonga ukuta mweupe. Ulipopungua wakamwona mama. Amekaa chini kabisa, kwenye udongo, ambako moshi ni haba, amejiziba mdomo kwa pindo la kanga. Birika lipo motoni. Macho yamevimba, hayaoni ni nani aliyesimama mlangoni. Akasikia shikamoo, akaitika marahaba, akadhani ni mkwe wake.

"Mwanangu," akasema, "wageni wameondoka? Nifungue dirisha?"

Mwenyekiti akafunga daftari. Akamgeukia bwana. "Bwana, hiki ni nini?"

Sasa msikieni alivyojibu. Mama yake yuko pale chini, haoni, anavuta pumzi kwa shida. Mke wake analia. Na yeye, bado kibao kimo moyoni, akasema: "Lakini mwenyekiti, hapa si kwenye nyumba yangu. Hapa ni kwa mama."

Mfano wangu umeishia hapo. Hakuna zaidi. Mkitaka kujua kama kibao kiling'olewa, mkajiulize wenyewe.

Naona nyuso zenu. Mmemkasirikia. Mzee wangu wa kiti cha mbele anatamani angekuwepo amtie adabu. Nami nilimkasirikia, nikatembea chumba kizima nikimkasirikia, mpaka nikagundua ninamfahamu.

Sisi hatuondoi moshi, wapendwa. Tunauhamisha. Tunataka nyumba nyeupe, na tuna haki, Mungu alituumba tuvute hewa safi. Tunataka sola, tunataka gesi, miti ya msitu ipumzike na panga letu. Vizuri sana! Fanyeni, tena fanyeni haraka. Lakini ukishamaliza, zunguka nyuma ya nyumba yako. Angalia kazi ya moto umemwachia nani. Kama ni dada wa kazi na jiko la mkaa kwenye korido, basi nyumba yako ina moshi, hata kama sebule inanukia maua. Kaya ni watu wote wanaokula chungu kimoja, na mpishi wa chungu hicho ni wa kwanza kuhesabiwa.

Ngojeni, sijamaliza, msishike vitabu vya nyimbo.

Tazameni juu. Taa hizi mpya, feni zile, sola tuliyoiweka wakfu mwezi uliopita. Tulipiga vigelegele, nami nikasema, tazama, kanisa linalotunza kazi ya Muumba. Nilisema hivyo hapa hapa niliposimama. Sasa niambieni, nyuma ya ukuta huu kuna nini? Kuna banda la jiko. Leo ni Jumapili ya mavuno, tutakula pamoja baada ya ibada. Nani anapika? Akina mama kumi na wawili wamo mle tangu alfajiri, na magogo. Na banda lile limezibwa bati mpaka chini. Nani alilizibisha? Baraza la wazee. Nani alikuwa mwenyekiti wa kikao? Mimi. Tulilalamika kwamba moshi unaingia kanisani, unatuharibia ibada na kuchafua rangi. Tukaagiza wazibe. Ilichukua dakika tano, hakuna aliyepinga, tukafunga kwa sala.

Kuna mama mmoja wa kwaya, sauti ya pili, mnamjua wote. Miezi miwili hajaimba. Tulisema amepoa. Mimi nilisema! Nilikwenda kwake kumwonya kuhusu imani yake, nikakaa kwenye kiti, nikafungua kitabu. Akataka kunijibu, hakuweza kumaliza sentensi. Kifua. Alikuwa akitupikia kila Jumapili mle bandani, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza. Alisema tu, "Mchungaji, nisameheni, nikipona nitarudi jikoni."

Jikoni! Hakusema kwaya.

Kwa hiyo leo neno la baraka sitalitamka hapa. Mtaondokaje na baraka wakati kaka na baba zenu na mimi tumewafungia mama zenu kwenye moshi? Wazee wa kanisa, simameni. Ndiyo, sasa hivi, na suti zenu hivyo hivyo. Mwenye nyundo aitafute, mwenye mikono mitupu atavuta bati. Vijana, sufuria zile za maharage mzihamishie kwenye majiko ya gesi yaliyo nyumbani kwangu, funguo hizi hapa, mitungi ikiisha iishe. Baraka nitaitoa kule kule, bandani, akina mama wakiwepo.

Twendeni.