Uzio wa Bwana Kishindo

Zamani sana, wanangu, wanyama walipokuwa bado na nyumba na majiko kama sisi, kulikuwa na nchi ya baridi iliyoitwa nchi ya dubu. Milima yake ilivaa theluji, na katikati ya milima ulipita mto mmoja wenye kelele nyingi.

Kila mwaka, majani ya miti yalipogeuka mekundu na kuanza kupukutika, samaki waitwao samoni walitoka baharini wakaupanda mto huo. Waliogelea kupingana na maji, wakaruka maporomoko, pwa, pwa, mpaka kwenye bwawa la juu walikozaliwa. Huko walitaga mayai, na wakishataga walikufa. Mayai hayo ndiyo yaliyokuwa samaki wa miaka ya mbele.

Kando ya bwawa hilo aliishi Kizamia na mama yake mzee. Kizamia alikuwa fisi maji, yule mnyama mdogo wa mtoni mwenye manyoya yanayoteleza na mkia mnene kama mchi. Yeye alivua, na mama yake, ambaye meno yalikuwa yamekwisha kinywani, alikausha samaki na kutunza jiko.

Mwaka mmoja majani yalipukutika yote, na samoni hawakufika.

Kizamia alikaa ukingoni akitazama maji matupu hadi akachoka. Kisha akamwambia mama yake, "Nateremka kuona kuna nini huko chini."

Aliteremka, teleteleza, teleteleza, mpaka chini ya maporomoko. Hapo alimkuta Bwana Kishindo, dubu mkubwa kuliko dubu wote wa nchi ile, pamoja na mkewe Bi Tuli. Walikuwa wameujengea mto uzio wa mawe na magogo kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Samoni walirundikana mbele ya uzio, wakipigapiga mikia, na Bwana Kishindo alikuwa akiwazoa kwa mikono miwili. Alikula ngozi na mayai tu. Nyama aliitupa majanini, na harufu ya uozo ilikuwa imejaa bonde zima.

"Shikamoo, Bwana Kishindo," alisema Kizamia.

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Nimefuata samaki, bwana. Huko juu hajapanda hata mmoja."

"Wala hatapanda. Samaki anayepita ni samaki aliyeniponyoka."

"Tuachie kilango tu, bwana. Wasipofika juu hawatataga. Wasipotaga, miaka ijayo hata wewe hutakuwa na cha kuzoa."

Bwana Kishindo aliacha kutafuna. Kizamia alidhani atakemewa, lakini dubu yule alisema kwa sauti ya chini, kama anayeongea peke yake.

"Wewe huijui njaa ya theluji. Sisi dubu hulala majira yote ya baridi, na mafuta ya mwilini ndiyo chakula chetu. Mwaka jana mafuta yaliniishia usingizini. Niliamka nje kweupe, hakuna jani, hakuna mdudu. Nilitafuna magome ya miti huku nikilia. Wewe unaniambia habari za miaka ijayo, mimi nafikiria siku ile. Nenda zako."

Bi Tuli alikuwa ameketi kando, mkono mmoja tumboni, akiyatazama maji.

Kizamia alirudi njia nzima akiwaza. Alikuwa amekwenda akimchukia dubu yule, na sasa chuki ilikuwa imepungua na mashaka yameongezeka. Mlafi ukimwonyesha hasara, pengine ataacha. Mwenye hofu utamwonyesha nini?

Jioni mama yake alipakua mchuzi mwepesi, maji tupu yenye harufu ya samaki.

"Mama," alisema Kizamia, "yale mayai makavu ya mwaka jana, yamebaki?"

"Yamebaki konzi moja tu. Ndiyo akiba yetu. Kwa nini?"

"Nayataka yote."

Mama yake aliuweka mwiko chini. "Yakiisha hayo, mwanangu, chungu kinafunikwa. Unakwenda kuyafanyia nini?"

"Nakwenda kula mbele ya Bwana Kishindo."

Bibi yule aliinuka taratibu, akakifungua kibuyu cha mayai, akamkabidhi.

Asubuhi Kizamia aliyaloweka mayai mpaka yakalainika na kung'aa, akayabana shavuni, akateremka. Safari hii hakumwamkia mtu. Alipita kando ya Bwana Kishindo kama asiyemwona, akajitosa majini karibu na gogo kubwa la katikati ya uzio. Chubwi!

Alikaa chini ya maji mpaka kifua kikamwuma. Alipoibuka alipanda juu ya jiwe, akaanza kutafuna polepole, macho ameyafumba, ute mwekundu ukimtiririka kidevuni.

Bwana Kishindo alinusa. "Unakula nini?"

"Hamna kitu, bwana."

"Hamna kitu hakinukii hivyo. Hayo ni mayai. Umeyatoa wapi?"

Kizamia alimeza, akaangalia kushoto na kulia. "Bwana, nisingependa kusema. Basi tu. Chini ya gogo hili kuna tundu, na ndani ya tundu wamelala samoni wakongwe. Wamenona mpaka hawawezi kuogelea. Nasikia anayekula mayai yao hulala majira yote ya theluji bila kufumbua jicho."

"Bila kufumbua jicho?"

"Ndivyo nilivyosikia."

Bwana Kishindo aliingiza mkono chini ya gogo, akapapasa, akautoa. Akaingiza tena hadi begani. Aligusa jiwe tu.

"Mkono wako ni mnene, bwana," alisema Kizamia. "Mimi mwenyewe nimepita kwa shida. Na usije ukaling'oa gogo, maana ndilo linaloshikilia uzio wako wote."

Hapo, wanangu, Kizamia alikuwa amesema kweli tupu, na kweli ile ndiyo iliyomwasha dubu. Mtu akiambiwa usiguse, vidole humwasha.

"Nitalisogeza kidogo tu," alisema Bwana Kishindo. Akamgeukia mkewe. "Unaonaje, Bi Tuli?"

Bi Tuli alimtazama mumewe, akamtazama Kizamia, akarudisha macho yake majini. "Wewe ndiwe mwenye mikono, bwana."

Dubu alilikumbatia gogo, akakaza miguu, akavuta. Kwaa! Gogo likatoka. Jiwe moja likaporomoka, likafuata la pili, kisha uzio mzima ukaenda, gudugudugudu, na mto uliokuwa umezuiliwa ukapita kwa kishindo kikubwa kuliko cha bwana mwenyewe. Gogo lilibebwa na maji likazunguka kwenye kona, halikuonekana tena.

Na samoni wakapita. Walipita katikati ya miguu ya dubu, wakapita juu ya mapaja yake, wakaruka maporomoko kundi kwa kundi, migongo yao ikimetameta. Bwana Kishindo alisimama katikati ya mto mikono mitupu.

"Kizamia," alisema, "tundu liko wapi?"

Kizamia angeweza kukimbia. Lakini alibaki juu ya jiwe lake.

Aliyejibu ni Bi Tuli. "Lililokuwapo limekwenda na maji, bwana. Na samaki wanakupita kushoto na kulia. Utaacha kula ili ufukuzane na mtu mwembamba kama utumbo?"

Bwana Kishindo aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Akamdaka samoni mmoja, akamla, na safari hii akamla mzima na nyama yake. Akamdaka mwingine. Kwa kila mmoja aliyemdaka, wengi walimpita, na bado tumbo lake lilizidi kujaa.

Alipokuwa ameshughulika hivyo, Bi Tuli alimsogelea Kizamia.

"Chini ya gogo lile ni mwamba mtupu," alisema. "Najua, kwa sababu mimi ndiye niliyeliegemeza pale kwa bega langu."

Kizamia aliinamisha kichwa. "Mbona hukumwambia, bibi?"

"Nilikwisha mwambia mengine. Tangu jiwe la kwanza nilimwambia tuache kilango, hakusikia. Nina watoto tumboni, nitawazaa huko pangoni theluji ikianguka. Watakapokua, wavue nini? Kwa hiyo nilipouona uongo wako nikaona umekuja kwa heri, nikauacha upite. Lakini umemshika mahali panapomwuma, Kizamia. Mimi ndiye nitakayelala naye. Akiamka na njaa tena, hutamsikia wewe."

Maneno hayo Kizamia alipanda nayo mpaka nyumbani. Alikuta bwawa limechafuka kwa wingi wa samaki. Majike walikuwa wakichimba changarawe kwa mikia yao na kutaga, na mama yake amekaa ukingoni, miguu majini, akicheka peke yake. Usiku ule walikula wakashiba. Lakini kila Kizamia alipotia tonge kinywani, alimwona dubu yule amesimama katikati ya mto, anauliza tundu liko wapi.

Siku zilizofuata hakupumzika. Samoni walioishiwa nguvu baada ya kutaga aliwaopoa, mama yake akawapasua na kuwakausha juu ya moshi. Walipofungasha mzigo mkubwa kuliko Kizamia mwenyewe, aliuburuta kuteremka nao, vuta, vuta, mpaka mlangoni mwa pango la dubu. Theluji ya kwanza ilikuwa ikianza kudondoka. Bwana Kishindo alikuwa amekwisha lala, mnono, anakoroma.

"Mwekee karibu na kichwa," Kizamia alimwambia Bi Tuli. "Akiamka ale. Asitafune magome."

Bi Tuli aliupokea mzigo kwa mikono miwili. "Nimwambie umetoka kwa nani?"

"Mwambie umetoka mtoni."

Na kweli, katikati ya baridi Bwana Kishindo aliamka. Alinyoosha mkono gizani, akapapasa, akala akashiba. Kando yake alisikia vitoto viwili vikinyonya. Akageuka upande wa pili, akalala. Huko bwawani, chini ya barafu, katikati ya changarawe, mayai yalikuwa yameanza kuwa na macho.

Basi wanangu, mto ukikulisha leo uachie njia, upate kukulisha na kesho.