Samaki Mdogo Muulize Kwao

"Samaki mdogo muulize kwao." Mmemsikia shangazi yenu akisema hivyo jikoni, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza msemo huu umetoka wapi. Kaeni, wajukuu zangu. Umetoka kwenye kisima kilichoharibika.

Zamani, hapa kisiwani petu, kisima pekee tulichokuwa nacho kiligeuka chumvi. Wazee wakakubaliana tuhamie bara. Bi Mize akakataa. Alikuwa mjane, na mumewe amezikwa nyuma ya nyumba.

"Nikiondoka, nani atalipalilia kaburi lake?" aliuliza.

Mke wa mwanawe, Shumbana, alikuwa mgeni, ameolewa kutoka kisiwa cha mbali. Kila jambo alilianza kwa "kwetu". Kwetu wali tunaupika hivi, kwetu ukili tunausuka vile. Bi Mize, mavyaa yake, akachoka.

"Kwenu, kwenu! Hata jua la kwenu huchomoza vizuri zaidi?"

Asubuhi moja bahari ilipokupwa, wanawake wakaenda kuvua dagaa kwa kutanda kanga kuukuu. Visamaki vyenye doa jeupe walivitupa kama kawaida, maana ni vichungu. Shumbana akaokota kimoja, akakilaza kiganjani.

"Mama, huyu kwetu..."

"Haya, tumeanza!" Wanawake wakaangua kicheko.

"...kwetu anakaa visimani. Wa baharini doa lake liko mkiani. Huyu analo kichwani. Hakai mbali na maji matamu, mama."

Kicheko kikakatika. Bi Mize akainama, akalitazama lile doa la kichwani.

"Tumewatanda wapi hawa?"

"Pale juu, penye mikoko."

Wakapanda hadi pale. Visamaki vilikuwa vimejazana kwenye kidimbwi kimoja tu, chini ya jiwe, na mchanga wake ulikuwa baridi. Bi Mize akapiga magoti kando ya jiwe hilo, akaanza kufukua kwa kifuu. Maji yakachuruzika, machafu kwanza, kisha meupe. Akayaonja: matamu. Machozi yakamtoka.

Akateka tena, akampa Shumbana.

"Kunywa, mwanangu. Na leo utatupikia wali wa kwenu."

Hakuna aliyehama. Kaburi likaendelea kupaliliwa. Na kila mtu alipomuuliza Bi Mize nani aligundua kisima kipya, alimshika mkono mkwewe, akajibu: "Samaki mdogo muulize kwao."