Digidigi na Mlinzi wa Maji

Enzi zile wanyama waliposemezana na kudanganyana kama sisi, mvua iligoma miaka miwili katika mbuga ya Mkanyeni. Mito ikakauka, majani yakawa vumbi, likabaki bwawa moja tu. Simba, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe hakuwahi kukosea, akamteua Fisi kuwa mlinzi wa maji. Fisi ndiye aliyeyasifu manyoya ya shingo ya Simba kwa sauti kubwa kuliko wote. Sifa gani nyingine ilihitajika?

Fisi akachapa kazi. Asubuhi alikunywa yeye, mchana wakanywa shemeji zake, alasiri wakaoga wote. Wanyama wadogo waliruhusiwa kusogea jua likizama, walambe tope. Bibi Kobe, kwa mwendo wake ule, kila siku alikuta zamu imefungwa.

"Bwawa linapungua, Mtukufu," Fisi alimwarifu Simba. "Ni hawa wadogo. Wanakunywa bila huruma."

"Nilijua," alijibu Simba, ambaye hakuwahi kufika bwawani. Maji aliletewa.

Digidigi, mwenye miguu kama vijiti na moyo mkubwa kuliko mwili, alimwona Bibi Kobe akirudi na ulimi mkavu, naye akashindwa kula. Kila dhuluma aliyoisikia aliibeba kama yake. Mwishowe akajilaza kichakani siku tatu, akiihurumia dunia nzima. Dunia haikupata nafuu hata kidogo.

Sungura akapita. "Dada, umekufa au umepumzika?"

"Niache. Mimi na udogo huu nitamfanya nini Fisi?"

"Hutamfanya kitu. Atakutafuna hujamaliza kumwamkia."

"Basi!"

"Basi nini? Siku tatu umemlilia Bibi Kobe. Kwa machozi hayo amekunywa maji kiasi gani?"

Digidigi akapandwa na hasira, na hasira ikamwinua. "Ulitaka nimwondoe Fisi?"

"Nani kakwambia umwondoe? Una kwato. Mtoni kuna mchanga. Chimba."

Akaenda, akachimba. Siku ya kwanza alipata mchanga. Siku ya pili alipata mchanga na kwato zilizopasuka. Shemeji mmoja wa Fisi alipita, akacheka mpaka akakaa chini. Siku ya tatu mchanga ukalowa, maji yakachuruzika polepole, kiasi cha kujaza kibuyu kidogo. Bibi Kobe akanywa, akafumba macho, akanywa tena. Digidigi akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu ukame uanze, akasikia njaa.

Kesho yake akaja Ngiri na pembe zake, akaja Kanga na kucha zake, akaja hata Sungura, ingawa yeye zaidi alitoa maelekezo. Visima vikawa vitano. Hakuna mnyama mdogo aliyekanyaga bwawani tena.

Wiki mbili zilipopita, Sungura akaenda kwa Simba, akainama mpaka masikio yakagusa ardhi.

"Pongezi, Mtukufu! Sisi wadogo tumeliacha bwawa wiki mbili nzima. Kwa hesabu za Mheshimiwa Fisi, sasa litakuwa linafurika. Twende ukaione fahari yako."

Simba hakuwahi kukataa kuona fahari yake. Akatangulia kwa madaha, wanyama wote nyuma. Walipofika, bwawa lilikuwa dogo kama sinia. Katikati amelala Fisi chali, shemeji wawili wakimsugua tumbo.

"Unafanya nini?" Simba aliuliza.

"Na... napima kina, Mtukufu."

"Kwa tumbo?"

Fisi akatazama huku na huku akimtafuta mdogo wa kumsingizia. Wote walikuwa ukingoni, wakavu, wametulia. Simba akanguruma, Fisi na shemeji zake wakatimua mbio, na Mkanyeni hawakuonekana tena. Simba akatangaza kwamba alimshuku Fisi tangu siku ya kwanza. Wanyama wakampigia makofi kwa adabu, wakapanga zamu za kunywa wenyewe.

Huruma iliyolala kichakani haikumzuia Fisi kuoga hata siku moja. Ilipoinuka ikamtafutia jirani mmoja maji, Fisi alikosa wa kumbebesha uongo wake.