Mtoto wa Nakijwa Alelewe na Nani

Sogeeni. Leo sina la kuchekesha. Nina mzigo, nanyi mtanisaidia kuutua.

Huko milimani walikuwako watatu. Mwanaidi alijaliwa macho: akikutazama usoni anajua umelala njaa. Mbazi alijaliwa miguu isiyochoka mlimani. Namsifu alijaliwa moyo mgumu, akisema neno harudi nyuma.

Nakijwa alikuwa mdogo wake Mwanaidi, shemeji yake Mbazi, na mke mwenza wa Namsifu. Mume wao, nduguye Mbazi, alifariki akamwachia Nakijwa mimba ya kwanza, naye amevuka miaka arobaini. Akaona haya, akaogopa na vijicho. Mimba akaificha chini ya kanga mbili, kliniki asikanyage. Haya, ndugu zangu, imezika wengi.

Mwanaidi ndiye aliyeona uso umevimba. Nakijwa akasema ni uzee tu, ila kichwa kinauma na macho yanaona vimulimuli. Dada mtu akakataa kusikia, akaita watu.

Barabara ilikuwa imekatwa na mvua. Mbazi akambeba shemeji yake mgongoni, akashuka naye bondeni, akapanda naye ng'ambo mpaka hospitali, wenzake wakiwafuata nyuma.

Daktari akasema presha imepanda mno, na kwa umri ule alipaswa kufuatiliwa tangu mwanzo. Mtoto atolewe kwa upasuaji, lakini damu hakuna, na bila damu hapasui. Namsifu, ambaye hata salamu hakuwa akimpa mwenzake, akanyoosha mkono atolewe damu, nayo ikaoana.

Mtoto akatoka hai, wa kike. Mama akamwona, akamgusa shavu.

"Alelewe na aliyemwokoa," akasema. Hakuiona jioni. Nikifika hapa roho huniuma kila mara.

Baada ya matanga wakagombana.

"Nisingeona mimi, wangefia ndani wote wawili," akasema Mwanaidi.

"Uliona, dada. Kuona hakumvushi mtu bonde," Mbazi akamjibu.

Namsifu alikuwa amempakata mtoto. "Mwenzangu amezikwa na damu yangu mwilini," akasema. "Sikuwahi kumwomba radhi. Niacheni nimlelee mwanawe."

Lakini hakuna aliyekubali kumwachia.

Msiniambie alelewe na wote. Mtoto mmoja halali nyumba tatu, na huyu hapa analia, hajui titi la mama. Je, wewe ungemkabidhi nani?